Puolukka Zisizooza

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, Saimi alishuka stoo ya chini akiwa na bakuli mkononi. Viazi vilikuwa vinachemka jikoni. Nyama ya chumvi ilikuwa kwenye kikaango. Mumewe, Eelis, alikuwa anapasua kuni uani. Kilichobaki kilikuwa puolukka tu.

Puolukka ni tunda dogo jekundu la msituni. Ni chachu, na lina uchungu kidogo. Katika kijiji cha Hietaharju, nyama ya chumvi bila puolukka ilikuwa kama ugali bila mboga. Mtu angekula, lakini angenung'unika.

Saimi aliondoa jiwe juu ya pipa, kisha akafunua mfuniko. Harufu ilimpiga usoni. Juu ya puolukka kulikuwa na ukungu wa kijivu, mnene. Chini yake povu lilikuwa linachemka taratibu. Pipa zima lilikuwa limeoza.

Ulikuwa mwaka wa pili mfululizo. Saimi alibeba uozo ule ndoo kwa ndoo hadi kwenye lundo la mbolea. Eelis aliacha shoka akamtazama. Alitaka kunyamaza, lakini hakuweza.

"Pipa la mama lilikuwa linafika mpaka katikati ya kiangazi," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana maneno yale yalimchoma Saimi zaidi. Mama mkwe wake, Tekla, alikuwa mwanamke hodari, na alijijua kuwa ni hodari. Ufunguo wa stoo aliutundika kiunoni. Siku ya kutengeneza puolukka alijifungia humo peke yake, na Saimi alibaki jikoni kuosha vyombo. Kisha Tekla akaugua wiki moja, akafariki. Ufunguo ukamjia Saimi. Maarifa hayakumjia.

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa alimsimamisha Saimi mlangoni pa kanisa. Alimwambia kuwa zamu imefika. Kikao cha kusoma cha mwezi wa Februari kingekuwa nyumbani kwake.

Kikao cha kusoma kilikuwa jambo kubwa Hietaharju. Kila majira ya baridi mchungaji alikuja kwenye nyumba moja. Kijiji kizima kilikusanyika hapo, vijana kwa wazee, na kila mtu alisoma Maandiko kwa sauti mbele ya mchungaji, ili apimwe. Wengine waliogopa kusoma kuliko kung'olewa jino. Baada ya kusoma, mwenye nyumba alilisha watu wote. Zamu ilizunguka kijiji, na kila nyumba ilipata zamu yake baada ya miaka kumi na miwili hivi.

Mara ya mwisho nyumba ile ilipopata zamu, Tekla ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Watu walikuwa bado wanasimulia chakula chake. Sasa ulikuwa mwaka 1949. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini sukari ilikuwa bado kwa kuponi. Hakuna aliyeweza kupika jamu ya kulisha watu sitini. Puolukka zilipaswa kukaa bila sukari, kutoka Septemba hadi Februari, au meza ya Saimi iwe tupu.

Kazi haikumtisha Saimi. Alikuwa akikamua ng'ombe watano kabla jirani zake hawajavaa viatu. Aliogopa jambo moja tu, watu watoke kwake wakisema kwamba nyumba ile ilikufa pamoja na Tekla.

Mwezi wa Julai ng'ombe mmoja alipotea. Alama za kwato zake zilielekea upande wa pili wa shamba, kwenye nyumba ndogo ya Okuliina. Saimi alisimama pale mpakani, akavuta pumzi.

Okuliina alikuwa mtu wa Karelia, upande wa mashariki. Vitani adui aliitwaa nchi ya watu wale, nao wakahamishwa, wakagawiwa viwanja huku na huko. Kiwanja cha Okuliina serikali ilikikata kutoka shamba la Eelis. Tangu siku ile Saimi alikuwa akimsalimia kwa mbali tu, kwa kichwa. Nyumbani alimwita mla ardhi yetu. Miaka miwili alikuwa hajakanyaga kizingiti chake.

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye uzio, ametulia, anakula majani. Okuliina, mama wa miaka sitini na kitu, alitoka mlangoni akijifuta mikono.

"Karibu, mwanangu. Huyu mgeni wako ana adabu. Hakukanyaga kabichi hata moja. Ingia unywe kitu."

Kukataa kungekuwa ukosefu wa adabu. Saimi aliingia. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja, na kilikuwa safi kiasi kwamba alijikuta anatazama soli za viatu vyake. Okuliina alimimina kahawa ya shayiri. Kisha akaweka mezani mkate mweusi, samaki wa chumvi na bakuli dogo.

Ndani ya bakuli mlikuwa na puolukka.

Saimi alizitazama. Ilikuwa Julai. Puolukka za mwaka ule zilikuwa bado kijani vichakani. Hizi zilikuwa za mwaka jana. Zilikuwa nyekundu na zinang'aa, hazina harufu mbaya. Alionja. Zilikuwa chachu sawasawa, hazina hata chembe ya sukari.

Aliuma mkate wake. Swali lilikuwa limemjaa mdomoni, lakini kiburi kilikuwa kimekaa mlangoni. Angemuulizaje mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi hata kumkaribisha kwake? Alishukuru, akachukua ng'ombe wake, akaondoka.

Siku tatu alizunguka na swali lile. Alikamua nalo, akafua nalo. Siku ya nne alioka mkate, akaufunga kwenye kitambaa, akavuka mpaka kwa miguu yake mwenyewe.

"Mama Okuliina," alisema kabla hajaketi, "pipa langu limeoza miaka miwili. Februari nina kikao cha kusoma. Nifundishe."

Okuliina hakushangaa, wala hakumsimanga. Alimvutia kiti.

"Ulichuma lini?"

"Tarehe kumi na nane Agosti."

Okuliina aliweka kikombe chini. "Mwanangu, wewe hukuchuma puolukka. Ulichuma watoto wa puolukka. Zilikuwa na tumbo jeupe, sivyo?"

Saimi alikiri. Karibu nusu zilikuwa nyeupe upande mmoja. Alidhani zingeiva ndani ya pipa.

"Haziivi ndani ya pipa. Labda zinapata rangi kidogo, basi. Sikiliza. Puolukka haihitaji sukari ili ikae, kwa sababu ina kinga yake yenyewe ndani. Kinga hiyo ndiyo inayozuia ukungu. Lakini inakamilika tunda likiiva kabisa. Ukichuma bichi, umechuma askari asiye na bunduki."

Mambo hayo ni kweli. Wenye elimu wana jina la kinga hiyo. Wanaiita asidi ya benzoiki. Okuliina hakulijua jina, lakini kazi yake aliijua vizuri.

Aliendelea kuuliza, na Saimi akaendelea kujibu, na kila jibu lilikuwa kosa jipya. Puolukka aliziosha, akazimimina pipani zikiwa bado na maji na majani. Zilizopondeka hakuzitoa. Pipa alilisuuza kwa maji baridi tu. Tena alitia vikombe viwili vya sukari, vya kuponi, alivyojinyima mwezi mzima ili matunda yasiharibike.

"Sukari nyingi inalinda," Okuliina alisema. "Kidogo hivyo hailindi kitu. Inalisha chachu tu, nayo ikishiba inaumua pipa lote. Vikombe hivyo bora ungevinywea kahawa."

Saimi alicheka bila kutaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka ndani ya nyumba ile.

Okuliina alimchukua hadi ukingoni mwa msitu, chini ya misonobari. Alipiga magoti kwa shida kidogo, akachuma matawi mawili. Yote yalikuwa na majani madogo magumu, yasiyopukutika hata wakati wa theluji. Kwa mbali yalifanana kama mapacha.

"Geuza majani," alisema.

Saimi aligeuza. Jani la kwanza lilikuwa na vitone vidogo vya kahawia upande wa chini, na kingo zake zilikunjwa kuelekea chini. Hilo lilikuwa la puolukka. Jani la pili halikuwa na kitone hata kimoja. Lilikuwa na mishipa kama wavu.

"Hiyo ya pili ndiyo puolukka ya nguruwe," Okuliina alieleza. "Haiui mtu, lakini ndani ni unga mtupu, haina ladha. Inapenda kuota palepale, kwenye mchanga mkavu. Mtu anayechuma mbiombio anaichota pamoja na nyingine, pipa likapoteza ladha."

Saimi alikumbuka namna alivyochota Agosti ile, haraka haraka, macho yakiwa nyuma. Alitaka kujua kama majani nayo ni dawa. Alikuwa amesikia hivyo. Okuliina alisema kuwa kwao wazee waliyachemsha kwa ajili ya maumivu ya mkojo, lakini yeye akiumwa huenda kwa nesi wa kijiji. Chai ya majani haimzuii mtu kwenda kupimwa.

Waliporudi, Okuliina alisimama kidogo mlangoni.

"Vita vilipotufukuza, mapipa yangu mawili yalikuwa yamejaa," alisema. "Nilifunga stoo kwa ufunguo. Sijui nilikuwa namfungia nani. Ufunguo ninao mpaka leo."

Saimi aliona haya kwa ajili ya lile jina, mla ardhi yetu. Tangu siku hiyo hakulitamka tena, na Eelis alipoteleza akalitamka, alimkata jicho hadi akalimeza.

Sasa Saimi alijua la kufanya. Angesubiri mpaka katikati ya Septemba, puolukka ziwe nyekundu pande zote. Lilikuwa neno jepesi kusema, lakini palikuwa na Hilma.

Msituni Hietaharju, miti ilikuwa na wenyewe, lakini matunda ya porini yalikuwa ya yeyote mwenye ndoo. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa na mahali pake pa siri. Mwanamke wa pale alikuwa radhi kukuazima farasi wake, lakini si kukuonyesha anapochuma puolukka. Wengine walipaficha hata kwa watoto wao. Mahali pa siri pa Saimi palikuwa kilima cha mchanga nyuma ya bwawa. Bahati mbaya, palikuwa pia mahali pa siri pa Hilma, jirani yake wa upande wa chini.

Wote wawili walijua, na wote wawili walijifanya hawajui. Wakikutana njiani, Hilma alisema anatafuta ng'ombe. Saimi alisema anatafuta uyoga. Ndoo zao zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Walipeana salamu nzuri, wakaachana. Mwaka uliofuata kila mmoja alikwenda siku mbili tatu mapema zaidi, ili amtangulie mwenzake. Miaka kumi na moja walikimbizana hivyo, mpaka mavuno ya Septemba yakawa mavuno ya Agosti.

Kama Saimi angesubiri peke yake, angekuta vichaka vitupu. Na Hilma alijulikana kijijini kwa puolukka zake. Kila msiba, kila ubatizo, alifika na bakuli lake, akasema, "Hizi ni za kwangu, kuleni."

Agosti ilipofika, Saimi alimwona Hilma uani akisugua ndoo. Alivua aproni, akaenda. Alimkuta ameshaingia jikoni.

"Hilma, tuache mchezo," alisema. "Wewe unachuma kule kilimani. Na mimi nachuma kulekule."

Hilma aligeuza uso. "Kilima kipi?"

"Kile ambacho kwa miaka kumi na moja unakwenda kutafuta ng'ombe ambaye hajawahi kupotea."

Hilma alijaribu kukunja uso, akashindwa. "Na wewe na uyoga wako," alisema. "Sijawahi kuona mtu anakosa uyoga kiasi hicho."

Wakakaa. Saimi alimweleza yote aliyofundishwa, juu ya tumbo jeupe, juu ya kinga iliyo ndani ya tunda. Hilma alisikiliza huku akichezea ncha ya kitambaa chake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Pipa lako lilioza lini?"

"Aprili nililifungua, nikakuta limeshaoza."

"Langu Februari. Nililizika nyuma ya sauna, ili mtu asione."

Saimi alimkodolea macho. "Na zile ulizoleta msibani mwezi wa Machi?"

"Za dada yangu wa Kuhmo," Hilma alisema. "Ukimwambia mtu, nitakana."

Walicheka mpaka Hilma akajifuta machozi. Lakini suala la kusubiri halikumwingia upesi. Aliuliza kama kweli wamsubiri mtu wa kuja awaambie lini msitu wao umeiva. Saimi alijibu kuwa msitu ni wao ndiyo, na puolukka zilizooza ni zao pia. Mwishowe walipeana mikono. Hakuna atakayekanyaga kilimani kabla Okuliina hajasema.

Ahadi ile ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Mwanzoni mwa Septemba upepo ukawa baridi. Watu wa kijiji cha jirani walipita barabarani na ndoo. Eelis alikuwa akimtazama mkewe anavyopita dirishani mara ya kumi, akamuuliza kwa utani kama anamngoja mchumba.

Siku moja Saimi alishindwa kuvumilia. Alichukua ndoo na kile chombo cha kuchumia chenye meno kama kichana, akapanda kilima. Puolukka zilikuwa zimetapakaa chini ya misonobari kama shanga. Alipiga magoti, akaingiza mkono. Akageuza tunda moja, la pili, la tatu. La tatu lilikuwa na tumbo jeupe. Mikono ilimwasha. Aliwaza meza ya Februari, aliwaza watu sitini, aliwaza ndoo za watu wa jirani. Kisha aliinuka, akapangusa magoti, akarudi na ndoo tupu. Njiani alimkuta Hilma anapanda na ndoo yake, amefunika kitambaa.

"Unatafuta ng'ombe?" Saimi aliuliza.

Hilma aligeuka, wakashuka pamoja.

Tarehe ishirini Septemba, baada ya baridi kali ya siku mbili, Okuliina alikwenda kilimani mwenyewe. Alirudi na kiganja kimejaa. Puolukka zilikuwa nyekundu iliyokolea, pande zote, na nzito.

"Sasa," alisema.

Walichuma siku tatu, wanawake watatu kwa safu. Okuliina aliwakataza kung'oa. Chombo kilipitishwa taratibu, ili matawi yabaki na mmea uzae tena mwaka ujao. Walipofika penye puolukka ya nguruwe, waliiruka. Jioni walibeba ndoo zilizowakata vidole, na Saimi hakukumbuka lini alichoka vizuri namna ile.

Uani, Okuliina alisimama kwenye upepo akamimina puolukka kutoka ndoo hadi ndoo, kutoka juu. Majani yalipeperuka na matunda yakaanguka. Hakuziosha. Kisha walikaa mezani kuchambua, mbovu huku, nzima huku. Pipa walilisugua, wakalimwagia maji yaliyochemshwa na matawi ya mreteni, wakaliacha likauke kwenye upepo. Stoo nzima ikanukia vizuri.

Nusu ya puolukka walizitwanga kwa mchi wa mbao pipani, mpaka maji yake yenyewe yakazifunika. Nusu ya pili waliziweka nzima kwenye mitungi ya kioo, wakajaza maji yaliyochemshwa na kupoa. Hakuna sukari. Mfuniko juu, jiwe juu ya mfuniko, na vyote vikaingia kwenye kona ya baridi kuliko zote.

"Na kijiko," Okuliina alisema. "Kijiko cha pipa ni cha pipa tu. Kikishaingia mdomoni kisirudi humu."

Eelis, ambaye alikuwa amechovya kidole chake, alikificha mgongoni.

Mwezi wa Oktoba Saimi alifunua pipa, roho mkononi. Zilikuwa safi. Novemba zilikuwa safi. Krismasi alizila na familia yake pamoja na nyama, zikiwa nyekundu kama siku ya kwanza. Eelis alikula, akasogeza bakuli aongezewe. Saimi alimwongezea, moyo wake ukiimba.

Februari ikafika. Theluji ilifika madirishani. Watu walikuja kwa farasi na kwa miguu, wakajaza nyumba hadi kwenye ngazi. Mchungaji aliita majina, nao wakasoma mmoja mmoja. Hilma alikwama kwenye neno moja, akalipita kwa nguvu, akakaa akijipepea, licha ya barafu yote ile ya nje.

Jikoni, Okuliina alikuwa amekunja mikono ya gauni. Yeye alikuwa wa kanisa jingine na hakutakiwa kusoma, lakini alikuja alfajiri kusaidia. Alikuwa amepika uji mzito wa ngano na puolukka, na sasa aliupiga kwa fungu la vijiti, sufuria ikiwa kwenye theluji nje ya mlango ili upoe, mpaka ukawa mwepesi na wa rangi ya waridi. Walitia sukari kidogo sana. Hata hivyo ulijaa sufuria mbili.

Meza iliandaliwa. Viazi, nyama ya chumvi, samaki wa kuoka, mkate mweusi, na kila baada ya hatua mbili bakuli la puolukka. Watu walikula. Maongezi yalipungua. Mabakuli yalirudi jikoni matupu, yakajazwa, yakarudi tena matupu. Pipa halikuisha.

Mchungaji aliweka kijiko chini. Alikuwa mzee, na aliwahi kula katika nyumba ile.

"Eelis," alisema, "nilidhani sitakula tena puolukka za mama yako. Mungu amrehemu Tekla. Ameacha mkono wake katika nyumba hii."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Saimi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria. Angeweza kunyamaza. Ilikuwa sifa nzuri, na isingemgharimu kitu. Nyumba isingesemwa vibaya kwa miaka mingine kumi na miwili.

"Samahani, mchungaji," alisema, na sauti yake ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama mkwe alikuwa hodari, sina ubishi. Lakini hizi si zake. Hizi ni za kwangu. Mwaka jana pipa langu lilioza, nikalimwaga kwenye lundo la mbolea. Aliyenifundisha ni huyu hapa."

Alimshika Okuliina mkono, akamtoa jikoni, na aproni yake yenye madoa mekundu. Wengi pale walikuwa hawajawahi kumwita yule mama kwa jina lake.

Eelis aliinuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, kwenye kichwa cha meza. Alikivuta nyuma.

"Kaa hapa, Mama Okuliina," alisema. "Chakula ni chako."

Okuliina alikaa, mgongo umenyooka. Kisha Hilma, kutoka kwenye benchi, alitangaza mbele ya watu wote kwamba na yeye pipa lake lilioza mwaka jana, tena alilizika nyuma ya sauna. Kicheko kililipuka. Mara wanawake watano walikuwa wamemzunguka Okuliina, kila mmoja na pipa lake lililooza, kila mmoja na swali lake. Ikaonekana kwamba nusu ya kijiji walikuwa wanazika puolukka na kunyamaza. Saimi aliwatazama, akajisikia mrefu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mwaka ule hakuna aliyekwenda kuchuma Agosti. Wanawake wa Hietaharju walikusanyika siku moja ya Septemba kwenye ukingo wa msitu, kumi na sita kwa hesabu, na ndoo mikononi, hazijafunikwa vitambaa. Walikuwa wametunza mahali pa siri maisha yao yote. Siku ile walisimama pamoja, wanamngoja Okuliina.

Alikuja taratibu na fimbo yake. Saimi alimshika kiwiko, akamsaidia kupiga magoti. Okuliina alichuma tunda moja, akaligeuza. Akachuma jingine, akaling'ata, akatafuna kwa muda mrefu.

"Bado wiki moja," alisema.

Hakuna aliyebisha. Wote waligeuka na ndoo zao tupu, wakarudi nyumbani.